Tumeipitia 80,000 Hours: inamfaa mhitimu wa huku kwetu?

Ukifanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka, kwa miaka 40, unapata saa 80,000. Hesabu hiyo ndiyo iliyolipa jina shirika la ushauri wa kazi lililoanzishwa mwaka 2011 mjini Oxford, Uingereza, na Benjamin Todd na William MacAskill. Walengwa wake ni wahitimu na vijana wenye miaka michache kazini ambao, mbali na mshahara, wanataka kazi yao iwafae watu wengi. Huduma ni nne: mwongozo wa kusoma, podikasti, ukurasa wa nafasi za kazi, na ushauri wa ana kwa ana kwa simu ya video. Zote ni bure, na zote ni kwa Kiingereza.

Bure hiyo ina mlipaji. Kwa miaka mingi mfadhili mkubwa amekuwa Open Philanthropy, mfuko unaotokana na utajiri wa Dustin Moskovitz, mmoja wa waanzilishi wa Facebook, na mkewe Cari Tuna. Mwishoni mwa 2025 mfuko huo ulibadili jina ukawa Coefficient Giving. Hakuna kashfa hapo, ila ni vizuri kulijua kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, kwa sababu linaeleza tabia ya huduma yenyewe. Kazi yake si kumpatia kila mhitimu ajira. Kazi yake ni kuwasogeza watu kwenye matatizo ambayo shirika limeyaweka mbele, na tangu 2025 tatizo lililowekwa mbele kuliko yote ni hatari za akili mnemba. Makala za afya na umaskini bado zipo, lakini nguvu mpya haziendi huko. Mhitimu wa kilimo kutoka SUA au wa uuguzi kutoka Muhimbili anaweza kuona kama amegonga mlango wa jirani.

Asigeuze kwanza. Kwa maoni yetu mwongozo unastahili kusomwa na mhitimu yeyote, hata asiyejali akili mnemba hata kidogo. Ukurasa wa kazi ni wa wastani kwa mwombaji aliyeko Afrika Mashariki. Ushauri wa ana kwa ana unategemea fani yako na namna utakavyoijaza fomu.

Mwongozo

Una sura takribani kumi na mbili, unasomeka mtandaoni bila kujisajili, na jioni tano au sita zinatosha kuumaliza kwa makini. Ukiwa na bando fungua kurasa zote na uzihifadhi kwenye simu. Nyingi ni maandishi matupu, kwa hiyo hazili nafasi.

Unaanza kwa kuupinga ushauri wa "fuata unachokipenda". Hoja ni kwamba mapenzi ya vijana wengi yako kwenye michezo, muziki na sanaa, na ajira za huko ni chache mno ukilinganisha na wanaozitaka. Badala yake unataja mambo yanayomfanya mtu aridhike na kazi: kazi inayokushughulisha, yaani una uhuru kiasi, unajua unachotakiwa kufanya na unaambiwa umefanyaje, kazi inayowafaa wengine, kazi unayoiweza, wenzako wanaokushika mkono, na kukosekana kwa kero nne kubwa, ambazo ni saa nyingi kupita kiasi, malipo ya dhuluma, mkataba usio na uhakika, na safari ndefu ya kwenda na kurudi. Anayetoka Chanika kwenda Masaki kila asubuhi hahitaji kusomewa utafiti juu ya hilo la mwisho.

Sehemu yenye thamani kubwa ni ile ya kuchagua tatizo. Vigezo ni vitatu: tatizo ni kubwa kiasi gani, limesahauliwa kiasi gani, na linatatulika kiasi gani. Kwa msomaji wa huku kuna jambo la kufurahisha kidogo hapa. Sehemu ya ushahidi ambao watu wa Oxford hujengea hoja zao ulikusanywa Busia, magharibi mwa Kenya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Michael Kremer na Edward Miguel walifuatilia shule 75 ambako watoto walipewa dawa za minyoo kwa awamu, na kwenye matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 utoro ulikuwa umepungua kwa takriban robo. Minyoo ilikidhi vigezo vyote: watoto wengi mno, wafadhili wachache wa wakati huo, na dawa ya bei ya chini. Mwaka 2015 wataalamu wengine walizipitia upya takwimu zile na ubishi mkali ukazuka. Anayefikiria kazi ya utafiti ausome ubishi huo pia, maana unaonyesha kazi yenyewe ilivyo kuliko sifa za tuzo ya Nobel aliyoipata Kremer mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Vigezo hivyo vinaharibika mtu akivihamisha bila kubadili mazingira. Mfano wa udaktari unatumika sana kwenye mwongozo: daktari mmoja zaidi nchini Uingereza huongeza manufaa madogo kuliko tunavyodhani, kwa sababu asipoingia yeye nafasi ile itachukuliwa na mwingine, na wagonjwa mahututi wangeonwa kwa vyovyote. Msomaji wa huku husema basi, kwetu madaktari ni wachache, hesabu inageuka. Inageuka kweli, lakini si kwa namna anayoidhani. Kenya mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na moja ya sababu kubwa ilikuwa wahitimu wa udaktari kutopangiwa vituo vya mafunzo kwa vitendo na mzozo wa posho zao. Kulikuwa na wagonjwa, kulikuwa na madaktari, hakukuwa na fedha za kuwaajiri. Kwa hiyo kabla ya kujiuliza kama tatizo limesahauliwa, jiulize kinachokwamisha ni mikono au ni fedha za nafasi. Ikiwa ni fedha, mtu anayejua kuandaa bajeti ya afya ya halmashauri au kaunti, au anayejua kupunguza upotevu wa dawa bohari, huenda akaongeza manufaa zaidi ya mganga wa ishirini kwenye foleni ya ajira. Mwongozo haukupeleki hadi hapo. Unakupa swali tu, kazi ya kulijibu kwa nchi yako ni yako.

Kisha unakuja mtaji wa kazi: ujuzi, watu unaofahamiana nao, sifa zinazoonekana kwenye CV, na akiba. Ushauri wa jumla ni kwamba miaka ya mwanzo uitumie kujenga mtaji huo kuliko kukimbilia kazi yenye jina zuri la kusaidia jamii. Tunakubaliana nao. Penye kasoro ni kwenye akiba. Mwongozo unataka uwe na fedha za kukuwezesha kuishi angalau miezi sita bila kipato, ili uweze kuacha kazi mbaya au kujaribu mpya. Tupige hesabu.

Mhitimu ameajiriwa Dar es Salaam na shirika binafsi kwa mshahara wa shilingi 900,000. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 90,000. Zinazobaki ni 810,000, na kodi yake kwa viwango vilivyoanza kutumika 2021 ni 80,500. Kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 135,000. Kinachofika mkononi ni 594,500. Atumie 350,000 kwa pango, nauli, chakula na bando, atume 100,000 nyumbani, anabaki na 144,500. Miezi sita ya matumizi yake, ukihesabu na ile anayotuma, ni 2,700,000. Ataipata baada ya karibu miezi 19, kama hakuna msiba, hakuna mdogo wake anayeanza kidato cha tano, na mwenye nyumba hajadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Upande wa Kenya, HELB, yaani bodi ya mikopo ya wanafunzi ya huko, huanza kudai mwaka mmoja baada ya kumaliza chuo, na anayekwepa hutozwa faini ya shilingi 5,000 za Kenya kila mwezi, awe ameajiriwa au yuko mtaani.

Ndiyo maana ile mipango mitatu ya mwongozo, A, B na Z, inabidi iandikwe upya. Mpango A ni kazi unayoitaka zaidi, B ni ile iliyo karibu nayo, Z ni pa kuangukia mambo yote yakigoma. Kwenye mwongozo mpango Z ni kitu chepesi: kurudi kwa wazazi kwa muda, kufanya kazi ya dukani. Kwa mtoto wa kwanza wa familia nyingi za huku, wazazi ndio wanaomsubiri yeye. Hapa Z lazima iwe kitu kinachoingiza fedha tangu mwezi wa kwanza: kufundisha tuisheni, kusimamia duka la ndugu kwa makubaliano ya malipo, kazi za kuchapa na kutafsiri. Uanze nayo, iandike kwa kiasi cha fedha kwa mwezi, ndipo upande kwenda B na A. Ukianzia A kama wanavyoelekeza, utajikuta umekataa mkataba wa miezi mitatu wenye posho kwa sababu haukufanana na ndoto.

Sehemu ya kutoa asilimia 10 ya kipato kwa mashirika yenye ushahidi wa kazi yake ni fupi na haina jipya kwa anayetoa zaka au fungu la kumi. Kumsomesha mdogo wako, mwongozo hauhesabu popote. Sisi tungehesabu.

Kilicho bora kwenye mwongozo wote ni ngazi ya majaribio. Usiamue kazi kwa kuifikiria; ijaribu kwa gharama ndogo kwanza, kisha panda. Chukua anayedhani anataka kazi ya tathmini ya miradi. Hatua ya kwanza ni kusoma ripoti moja ya tathmini mwanzo hadi mwisho, saa mbili. Ya pili ni kuongea nusu saa na mtu aliye kwenye kazi hiyo. Ya tatu ni kutengeneza dodoso la maswali 15 kwenye KoboToolbox, ambayo ina akaunti ya bure, kuwauliza watu kumi, kupakua majibu na kuyasafisha kwenye Excel. Hapo ndipo kazi inapojionyesha: mmoja kaandika umri "34", mwingine "miaka 34", mwingine mwaka wa kuzaliwa, kata moja ya Magomeni imeandikwa kwa namna nne, na mbili kati yake zina nafasi tupu mwishoni ambayo jicho haliioni lakini kompyuta inaihesabu kama kata nyingine. Ukiona raha kuzikamata nafasi tupu hizo, endelea. Ukiona kero, wikiendi mbili zimekuokoa na mkataba wa mwaka.

Ukurasa wa nafasi za kazi

Unachuja kwa aina ya tatizo, aina ya kazi, uzoefu na mahali. Unaweza kuweka barua pepe ili nafasi mpya zikufuate. Kwa mhitimu, chagua ngazi ya mwanzo na ile ya mwaka mmoja hadi minne, kwa sababu mashirika mengi huandika "mwaka mmoja wa uzoefu" na kukubali mafunzo kwa vitendo na kazi za kujitolea kama sehemu ya mwaka huo.

Tatizo ni mahali. Sehemu kubwa ya nafasi ziko Washington, London na San Francisco, na zile zinazosema unaweza kufanyia popote mara nyingi si popote. Fungua tangazo la mwajiri mwenyewe, siyo muhtasari, utafute sentensi inayohusu haki ya kufanya kazi nchini humo. Ikisema lazima uwe nayo tayari, funga ukurasa, usiandike barua ya kuomba huruma. Ikisema wanagharamia viza, endelea. Ikisema unaajiriwa kama mkandarasi wa kujitegemea kutoka popote, maana yake hakuna NSSF, hakuna likizo ya malipo, hakuna bima. Kodi unajilipia TRA au KRA, na mkopo wa chuo unajipangia marejesho mwenyewe. Ongeza gharama hizo kabla ya kushangilia tarakimu. Na tarakimu zenyewe ni za mwaka mzima kabla ya makato. Gawa kwa 12. Hili linaonekana dogo, ila kuna watu husoma "36,000" wakadhani ni ya mwezi.

Mashirika yanayotangaza pale huajiri kwa namna isiyofanana na usaili tuliouzoea. Baada ya CV huja jaribio la kazi, kwa kawaida saa moja hadi tatu kwa saa inayohesabiwa, na marefu zaidi baadhi yao huyalipia. Unapewa mfano: shirika lina kiasi fulani cha fedha, miradi mitatu, chagua mmoja na ueleze kwa ukurasa mmoja. Wahitimu wetu huanguka hapa kwa sababu zilezile. Wanaandika utangulizi wa nusu ukurasa kuhusu umuhimu wa mada, kama insha ya chuo. Wanaficha hesabu. Wanamaliza bila kuchagua, kwa kuogopa kukosea. Fanya kinyume chake: jibu liwe kwenye mistari mitatu ya kwanza, hesabu ionekane hatua kwa hatua hata kama ni ya makadirio, na useme ni sehemu gani ikibadilika ingekufanya ubadili uamuzi. Tumia dakika 10 za mwisho kufuta. Chagua saa ambayo mtaa wako umeme haukatiki, simu iwe na bando la akiba, na uandike kwenye programu inayohifadhi bila intaneti ndipo uhamishe.

Kuwamo kwenye ukurasa ule si dhamana kwamba kazi ni nzuri, na wenyewe hawasemi hivyo. Piga simu kwa mtu aliyewahi kufanya kazi pale, umuulize mishahara huingia tarehe ngapi na mikataba mingapi ilihuishwa mwaka jana.

Ushauri wa ana kwa ana

Unajaza fomu, unasubiri, ukikubaliwa unachagua siku na kuzungumza na mshauri mmoja. Hawamchukui kila mwombaji. Anayetaka kuingia kwenye sera au usalama wa akili mnemba ana nafasi kubwa kuliko anayetaka elimu ya msingi vijijini, kwa sababu tuliyokwisha kuitaja.

Fomu ndiyo inayoamua. Maombi mengi hufa kwa sentensi ya namna hii: "Nina shauku ya kuleta mabadiliko chanya katika jamii yangu na ningependa mwongozo wenu." Mshauri hana cha kushika. Linganisha na hii, ambayo bila shaka utaiandika kwa Kiingereza: "Nina shahada ya takwimu ya 2024, natumia Stata na R (programu za takwimu). Nachagua kati ya mkataba wa mwaka mmoja wa msaidizi wa utafiti Nairobi, shahada ya uzamili ya epidemiolojia ambayo ufadhili wake haujathibitishwa, na nafasi kwenye ofisi ya takwimu ya serikali. Naegemea ya kwanza kwa sababu ya ujuzi, ila nahofia mkataba kutohuishwa. Nikikubali, nifanye nini miezi sita ya kwanza ili uzamili usinipite?" Chaguo tatu zenye majina, unakoegemea, unachohofia, swali moja linalojibika. Kuandika hayo ni nusu ya ushauri wenyewe, na nusu hiyo haihitaji Oxford.

Ukifika kwenye kuchagua saa, angalia kalenda imeandika Nairobi au Dar es Salaam, yaani GMT+3. Uingereza hubadili saa mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo tofauti yetu nao ni saa tatu majira yao ya baridi na saa mbili majira ya joto. Kalenda ikisema 2:00 PM ni saa nane mchana kwetu. Usiiweke kwenye simu kama saa mbili. Intaneti ikiyumba zima picha, bakiza sauti. Dakika tano za mwanzo mshauri atauliza habari za jumla. Mrudishe kwenye swali lako mapema bila kuona haya, kwa kuwa muda ukiisha umeisha.

Udhaifu wa washauri hao ni kwamba wengi wao hawajui soko la huku. Wanaweza kukwambia vizuri ni ujuzi gani unatafutwa na mashirika ya kimataifa, na wanaweza kukuunganisha na mtu. Usiwaulize kuhusu mkataba wa halmashauri, bodi ya wahandisi au usajili wa wauguzi.

Doa la 2022

Haiwezekani kuitathmini huduma hii bila kumtaja Sam Bankman-Fried. Kwa miaka mingi 80,000 Hours ilieneza wazo la kuchukua kazi yenye mshahara mkubwa ili utoe sehemu kubwa ya fedha hizo. MacAskill alikutana na kijana huyo mwaka 2012 akiwa mwanafunzi wa MIT. Bankman-Fried akaingia kwenye biashara ya fedha, baadaye akaanzisha soko la sarafu za kidijitali la FTX, na akawa mfano uliotajwa kwa fahari. FTX ilianguka Novemba 2022. Mwaka mmoja baadaye alitiwa hatiani kwa ulaghai, na Machi 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 25.

Kwa haki, mwongozo ulikuwa umeonya tangu mapema dhidi ya kuchukua kazi yenye madhara kwa kisingizio cha kutoa mshahara wake. Shida ilikuwa kwenye nani anainuliwa kuwa mfano. Huku kwetu kishawishi hicho hakiji kwa sura ya sarafu za kidijitali peke yake: kampuni za kubeti na za mikopo ya kausha damu huajiri wahitimu wa takwimu na masoko kwa mshahara ambao mashirika ya maendeleo hayaufikii. Mtu akijiambia atafanya miaka miwili akusanye mtaji, ajiulize pia ni ujuzi gani atatoka nao, na ni watu gani watamwandikia barua ya udhamini.

Inachokosa, na pa kukipata

Ngazi ya kwanza ya kazi za aina hii Afrika Mashariki haimo kwenye mwongozo. Ngazi hiyo ni udadisi: kwenda kaya kwa kaya na kishikwambi kuuliza maswali ya utafiti. IPA, IDinsight na Busara, mashirika ya utafiti, wana ofisi Nairobi. GiveDirectly inagawa fedha taslimu kwa kaya za Kenya na Rwanda. One Acre Fund ilianzia Bungoma mwaka 2006 na Rwanda inajulikana kwa jina la Tubura. Evidence Action imeweka vifaa vya klorini kwenye vyanzo vya maji vya vijiji vya Kenya, Uganda na Malawi. Si wote wanaoajiri wadadisi moja kwa moja, ila kazi zao zote zinategemea mtu wa ngazi hiyo.

Mikataba huwa ya wiki chache, malipo kwa siku, na kati ya mradi na mradi kuna ukame. Kinachowafukuzisha watu ni kujaza majibu chini ya mwembe. Wakaguzi hurudi kwenye kaya chache, kwa kawaida karibu moja kati ya kumi, wakauliza upya maswali machache. Kishikwambi nacho kinarekodi saa na mahali, kwa hiyo mahojiano ya dakika 50 yaliyoisha kwa dakika tisa yanaonekana siku hiyohiyo. Anayetaka kupanda asikae kwenye kuuliza tu. Ajitolee kupanga maswali kwenye SurveyCTO, programu ya madodoso ya kwenye kishikwambi, kisha kusaidia ukaguzi wa data wa kila jioni. Kutoka hapo msaidizi wa utafiti ni hatua moja, na hatua hiyo ina jaribio la Stata au R. Kozi za takwimu na sera za J-PAL, kituo cha utafiti wa umaskini, na chuo kikuu cha MIT unaweza kuzisoma bure. Cheti ndicho cha kulipia, na ada yake hupangwa kwa kipato chako.

Serikalini pia hapapewi uzito unaostahili. Mwongozo unasifu kazi za sera, lakini ukiwa na picha ya Washington kichwani. Afisa mipango wa halmashauri anagusa bajeti ambayo mashirika mengi hayaioni kwa mwaka. Fungua akaunti kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali ya Tanzania, wiki ya kwanza baada ya kupata cheti, pakia nakala zilizothibitishwa na mwanasheria, na uangalie kila wiki; hilo unaweza kulifanya huku ukiomba kwingine.

Na kwa aliye nje ya akili mnemba kuna Probably Good. Ni huduma ya namna hiyohiyo, nayo bure, yenye makala, ukurasa wa kazi na ushauri wa ana kwa ana, ila haijajifunga kwenye tatizo moja: afya, tabianchi, umaskini, wanyama, vyote vina nafasi. Lugha yake ni nyepesi na haimsukumi msomaji. Kwa mhitimu wa huku tungeshauri asome mwongozo wa 80,000 Hours, kisha fomu ya ushauri aipeleke Probably Good kwanza.

Fomu zikikataliwa zote mbili, usiitupe ile aya ya chaguo tatu na swali moja. Itume kwa mtu wa ngazi ya kati kwenye shirika unalolitaka, msimamizi wa utafiti au afisa mradi, siyo mkurugenzi. Muombe dakika 20, usimuombe kazi. Akikubali, mpigie wewe, muda wa maongezi uwe wako.